Augustino wa Hippo: Je, Mungu Humzaa Mtu Mara ya Pili kwa Neno au Bila Neno?

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa Mungu waliotutangulia, safari hii tunawaletea Augustino, askofu wa mji wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 na kulala mwaka 430. Ndugu zetu Wakatoliki humwita Mtakatifu. Sisi wa makanisa mengine nasi tunamdai urithi, kwa sababu Luther na Calvin walikunywa sana katika kisima chake. Kwa hiyo ni mzee wa wote.

Tumemchagua kwa sababu ya swali linalozunguka katika vikundi vyetu vya maombi. Wako wanaosema kwamba Mungu hahitaji mhubiri: humfikia mtu katika ndoto, porini, njiani, na kumfanya mpya siku hiyo hiyo. Wengine wanasema hapana, imani huja kwa kusikia kama ilivyoandikwa katika Warumi 10, na asiyehubiriwa Neno hawezi kuzaliwa mara ya pili. Pande zote mbili zina mistari yake. Mmoja hufungua Yohana 3, pale Bwana alipomfananisha Roho na upepo uvumao upendako. Mwingine hufungua 1 Petro 1:23, panaposema kwamba tumezaliwa kwa Neno la Mungu kama kwa mbegu isiyoharibika.

Hili si swali la wasomi peke yao. Mama aliyemwacha mwanawe ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo kanisa lilichomwa na mchungaji amekimbia, anataka kujua kama Mungu anaweza kumfikia mtoto yule. Mtu aliyekutana na Bwana usiku wa kukimbia, pasipo Biblia wala mchungaji, anataka kujua kama wokovu wake ni wa kweli. Na mwinjilisti anayezunguka kijiji hadi kijiji kwa miguu, bila mshahara, anataka kujua kama jasho lake lina maana ikiwa Mungu anaweza kufanya yote peke yake.

Augustino alikutana na swali hili mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa maisha yake mwenyewe. Mara ya pili aliulizwa akiwa mchungaji wa watu.

KITABU MKONONI, MOYO UMEFUNGWA

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Tagaste, ambao leo ni Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba la kiasi, na hakuwa Mkristo mpaka alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa mwanamke wa maombi. Mtoto aliwekewa ishara ya msalaba lakini hakubatizwa, kwa kuwa desturi ya siku zile ilikuwa kuchelewesha ubatizo.

Alikuwa na akili nyingi. Alipofika miaka 17 hivi alipelekwa Karthago, mji mkubwa karibu na Tunis ya leo, ili asome ufundi wa kusema mbele ya watu. Huko alimchukua mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, kilichomwamsha kutamani hekima. Akaona basi ayatazame na Maandiko Matakatifu. Akayafungua, akasoma, akayadharau. Lugha yake aliiona duni, haifikii ufasaha wa Cicero. Akayaweka chini, akajiunga na dhehebu la Wamanikei, waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba Agano la Kale halifai. Alikaa nao miaka tisa hivi.

Tutazame jambo hili vizuri. Neno lilikuwa mikononi mwake. Alijua kusoma kuliko wengi, hakuna aliyemnyang'anya kitabu, na hakuna vita iliyomzuia. Lakini hakuzaliwa. Basi anayedhani kwamba kurasa za Biblia zina nguvu zenyewe, hata Mungu asipofungua moyo, amtazame Augustino wa miaka 19.

NDOTO YA MONIKA

Monika alimlilia mwanawe kama wengine wanavyolilia maiti. Usiku mmoja aliota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao wa kupimia, ana huzuni nyingi, na kijana mwenye kung'aa akamwuliza sababu ya machozi yake. Alipojibu kwamba anaomboleza kupotea kwa mwanawe, aliambiwa asiogope, bali aangalie: pale aliposimama yeye, na mwanawe yupo. Akageuka, akamwona Augustino kando yake juu ya ubao ule ule.

Augustino alipohadithiwa alijaribu kuigeuza ndoto. Alisema maana yake ni kwamba mama atakuja kuwa Mmanikei kama yeye. Monika akajibu papo hapo kwamba hakuambiwa atakuwa alipo mwanawe, bali mwanawe atakuwa alipo yeye. Jibu hilo lilimgusa Augustino kuliko ndoto yenyewe.

Ndoto ile ilitoka kwa Mungu, hatuna shaka. Lakini Monika hakukunja mikono akisema Mungu ameshamaliza kazi. Alimwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na kijana. Askofu, ambaye naye alilelewa na Wamanikei utotoni, alikataa, akasema bado kijana ana kiburi. Amwache, amwombee tu, na kwa kusoma kwake mwenyewe ataugundua uongo. Mama alipozidi kulia na kusihi, askofu alichoka, akamwambia aende zake, kwani mwana wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Ndoto ilimpa tumaini, na tumaini likamfanya aombe zaidi na kutafuta watu wa kumsaidia mwanawe. Ilichukua miaka.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake bandarini Karthago. Alimwacha akiomba katika kanisa moja usiku, yeye akapanda merikebu kwenda Roma. Mama alilia ufukweni. Baadaye alivuka bahari, akamfuata.

MHUBIRI WA MILANO

Mwaka 384 Augustino alipata kazi ya kufundisha ufasaha katika mji wa Milano, Italia, alipokuwa akikaa mfalme mkuu wa upande wa magharibi. Askofu wa pale alikuwa Ambrosi, mhubiri mwenye sifa. Augustino alikwenda kumsikiliza kila Jumapili, lakini hakwenda kutafuta wokovu. Alikwenda kama fundi anayekwenda kumtazama fundi mwenzake: asikie jinsi anavyosema, bila kujali anasema nini.

Lakini maneno hayaji peke yake. Pamoja na utamu wa sauti yakaingia na mambo yaliyosemwa. Alisikia Agano la Kale likifafanuliwa, akaona kwamba mengi aliyoyacheka hakuwa ameyaelewa. Kidogo kidogo Wamanikei wakapoteza nguvu juu yake. Hata hivyo hakuzaliwa siku ile wala mwaka ule. Alikubali kwa akili, lakini tamaa ya mwili na ya cheo ilimshika kama mnyororo.

Mhubiri hodari alipanda kwa miaka miwili na hakuona kitu. Hatusomi kwamba Ambrosi alijua kinachoendelea ndani ya yule mwalimu aliyekaa kati ya wasikilizaji wake. Watumishi wetu wanaokata tamaa kwa sababu watu husikiliza na kurudi nyumbani vile vile, wakumbuke miaka hiyo miwili.

SAUTI BUSTANINI

Mwezi Agosti mwaka 386 alikuja nyumbani kwake mgeni, Mwafrika mwenzake, jina lake Ponticianus, mtumishi wa serikali. Aliona juu ya meza kitabu cha nyaraka za Paulo, akafurahi, akaanza kusimulia habari za Antoni wa Misri. Huyo Antoni hakuwa msomi. Aliingia kanisani siku moja akakuta Injili ikisomwa, pale Bwana alipomwambia tajiri auze vyote alivyo navyo. Alilipokea Neno lile kama ameambiwa yeye, akafanya hivyo. Ponticianus akasimulia pia juu ya maofisa wawili katika mji wa Trier waliokuta kitabu cha maisha ya Antoni ndani ya kibanda, wakakisoma, na siku hiyo hiyo wakaacha cheo ili wamtumikie Mungu.

Mgeni alipoondoka, Augustino alikuwa kama mtu aliyechomwa. Aliona aibu kwamba watu wasiosoma wanauteka ufalme wa mbinguni, na yeye mwenye elimu anagaagaa katika matope. Alikwenda bustanini pamoja na rafiki yake Alypius. Huko akajitenga chini ya mtini, akaangua kilio.

Ndipo akasikia sauti kutoka nyumba ya jirani, ya mtoto wa kiume au wa kike, hakujua. Ilikuwa ikirudia rudia kama wimbo, ikimwagiza mtu achukue na asome. Alijiuliza kama watoto wana mchezo wenye maneno hayo, hakukumbuka mchezo wowote. Akakumbuka Antoni. Akaona Mungu anamwamuru afungue kitabu. Alirudi mbio alipokaa Alypius, akachukua nyaraka za Paulo, akafungua, macho yakaangukia mwisho wa Warumi 13, panapokataza ulevi, ufisadi na ugomvi, na kuamuru tumvae Bwana Yesu Kristo. Hakuhitaji kuendelea. Nuru iliingia, mashaka yakakimbia. Alypius naye akasoma mstari uliofuata, unaosema aliye dhaifu wa imani apokewe, akauchukua kuwa wake. Wakaingia ndani kumwambia Monika, na furaha ikajaa nyumba.

Sasa tuulize: Mungu alimzaa moja kwa moja, au kwa Neno? Anayesema ni moja kwa moja atataja ile sauti. Lakini sauti ile haikumhubiri Injili, wala haikutaja jina la Yesu. Ilimtuma kwenye kitabu tu. Anayesema ni kwa Neno atataja Warumi 13. Lakini maandiko yale yale alikuwa nayo nyumbani, ameyasoma mara nyingi. Siku ile Mungu aliyafungua.

Na tuone mlolongo wa watu. Msomaji mmoja kanisani Misri, ambaye jina lake halikuandikwa, alisoma Injili na Antoni akasikia. Mwingine akaandika maisha ya Antoni. Maofisa wakasoma. Ponticianus akasimulia. Ambrosi alikuwa amepanda, Monika amemwagilia kwa machozi, na mtoto asiyejua lolote akaimba. Mungu alimzaa Augustino yeye mwenyewe, lakini alipitia mikono mingi hivyo.

KABURI LA UGENINI

Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, Ambrosi aliwabatiza Augustino, mwanawe Adeodatus na Alypius. Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Walipofika Ostia, bandari ya Roma, Monika alipatwa na homa, akafa akiwa na miaka 56. Zamani alitamani sana kuzikwa kwao Tagaste, karibu na mumewe, na alikuwa amejiandalia kaburi. Lakini katika siku zake za mwisho aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasisumbuke, ila wamkumbuke mbele za Bwana. Alipoulizwa kama haogopi kuuacha mwili mbali na kwao, alijibu kwamba hakuna mahali palipo mbali kwa Mungu. Sisi tuliowazika wazazi wetu katika ardhi isiyo yetu tunaliweka neno hilo moyoni.

Adeodatus naye alifariki akiwa bado kijana, miaka michache baada ya kurudi Afrika.

MCHUNGAJI ALIYELAZIMISHWA

Mwaka 391 Augustino alitembelea Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, Algeria. Hakwenda kutafuta cheo. Lakini askofu Valerius aliposema kanisani kwamba anahitaji kasisi, watu walimkamata Augustino, wakamsukuma mbele, akawekewa mikono huku analia. Jambo la kwanza aliloomba ni muda wa kujifunza Maandiko. Yeye aliyezaliwa kwa mstari mmoja hakuona kwamba mstari mmoja unamtosha kulisha kundi. Miaka michache baadaye akawa askofu, akakaa Hippo mpaka kufa kwake. Mahubiri yake mamia kwa mamia yapo hadi leo, kwa sababu waandishi waliyaandika alipokuwa akisema.

Alijali pia lugha. Yeye alihubiri Kilatini, lakini mashambani wengi walisema Kipuniki. Alipotafuta askofu wa mji wa Fussala, alitafuta mtu anayejua Kipuniki, kwa maana Neno lisiloeleweka halimfikii mtu. Nasi tuliochanganyika hapa, Wabembe, Wafuliiru, Warundi na wengineo, tunajua uzito wa kusikia Injili kwa lugha ya mama.

Baada ya kuwa askofu, swali lake la zamani lilimrudia. Walikuwako Wakristo waliosema kwamba hawahitaji mwalimu wa Maandiko, kwa maana Roho huwafundisha moja kwa moja. Augustino alianza kitabu kuhusu kufundisha Biblia, na katika utangulizi wake akawajibu. Hakukana kwamba Mungu anaweza. Alimtaja Antoni, aliyeyashika Maandiko kwa kusikia bila kujua kusoma. Lakini akawaelekeza kwenye Matendo ya Mitume. Paulo aliangushwa chini na sauti kutoka mbinguni, lakini alitumwa mjini kwa Anania, mwanadamu, apokee ubatizo na kuunganishwa na kanisa. Kornelio alitokewa na malaika, lakini malaika hakumhubiri Injili. Alimwambia amwite Petro. Towashi wa Kushi hakufundishwa na malaika alichokuwa akisoma. Filipo alitumwa, akapanda garini akaketi naye. Sababu aliyoitoa Augustino ni upendo: kama wanadamu wasingejifunza lolote kutoka kwa wanadamu wenzao, upendo unaotuunganisha ungekosa njia ya kumiminika kutoka moyo hadi moyo.

Upande wa pili, aliwakumbusha wahubiri wasijivune. Alifundisha kwamba sauti ya mhubiri hugonga masikio tu, bali Mwalimu wa kweli yumo ndani. Mkulima hushughulika na mti kwa nje, huupalilia na kuumwagilia, lakini hawezi kuumba tunda.

MFANYABIASHARA ALIYEPIGA MAGOTI

Rafiki yake Possidius, askofu wa Calama, aliyeandika maisha yake, ametuachia habari moja. Siku moja Augustino akihubiri aliacha somo alilopanga, akaingia katika kuwapinga Wamanikei. Baadaye mezani aliwauliza ndugu kama waliona jinsi alivyotoka nje ya somo. Wakasema waliona, wakashangaa. Akasema huenda Bwana alitaka kumponya mtu fulani kwa kusahau kwake. Siku moja au mbili baadaye akaja mfanyabiashara jina lake Firmus, akapiga magoti na kulia. Alikuwa Mmanikei wa miaka mingi na alikuwa amewapa fedha nyingi. Mahubiri ya siku ile ndiyo yaliyomgeuza. Wote wakamtukuza Mungu.

Mhubiri hakujua Firmus yupo. Hakupanga kusema yale. Mungu alifanya mwenyewe, tena alifanya kwa mahubiri.

WATAWA WA HADRUMETUM

Alipokuwa mzee, karibu mwaka 427, ugomvi ulizuka katika nyumba ya watawa huko Hadrumetum, ambayo leo ni Sousse, Tunisia. Walikuwa wamesoma maandishi ya Augustino kuhusu neema, kwamba ni Mungu anayebadilisha moyo. Mmoja wao akatoa hoja hii: kama ni hivyo, wakubwa wasitukemee wala kutuonya; watuombee tu, Mungu atafanya akitaka.

Hoja hiyo tunaijua. Ni ile ile inayosema kwamba tusimfuate kijana aliyezama katika pombe, Mungu mwenyewe atamgusa. Augustino aliwaandikia kitabu kizima kuijibu. Alionyesha kwamba Paulo aliagiza, alikemea, na pia aliomba, na hakuona kwamba moja linafuta lingine. Hatujui ni nani Mungu atamwamsha kwa onyo letu, kwa hiyo tunapaswa kumwonya kila mmoja kwa upendo. Akitubu, sifa ni za Mungu. Tukinyamaza, kosa ni letu.

Ukweli hutulazimisha kuandika na upande wake wa giza. Katika mgawanyiko wa kanisa la Afrika kati ya Wakatoliki na Wadonati, Augustino mwanzoni alitaka watu wavutwe kwa maneno na hoja. Baadaye alikubali sheria za serikali zilizowalazimisha Wadonati kwa faini na kunyang'anywa makanisa, ingawa alipinga wasiuawe. Kwa sisi tuliofukuzwa kwetu kwa nguvu za silaha, hapo alikosea, tena kinyume cha mafundisho yake mwenyewe. Kama ni Mungu anayezaa kwa Neno lake, faini ya serikali haiwezi kuzaa mtu.

MJI ULIOJAA WAKIMBIZI

Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na wakimbizi wakavuka bahari hadi Afrika. Wengi waliuliza Mungu alikuwa wapi. Augustino alianza mwaka 413 kuandika Mji wa Mungu, vitabu 22, kuonyesha kwamba mji wetu wa kudumu si ule unaoweza kuchomwa. Alihimiza pia kukombolewa kwa mateka, hata akaagiza vyombo vya thamani vya kanisa viyeyushwe kwa kazi hiyo.

Kisha zamu ikafika kwao. Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania, wakapita wakichoma na kuua. Askofu mwenzake, Honoratus, aliuliza kama wachungaji wakimbie. Augustino alijibu kwamba mchungaji anayewindwa yeye peke yake anaweza kukimbia ikiwa wako wengine wa kuwahudumia watu. Na kama watu wote wanakimbia, aende nao. Lakini wakibaki watu wanaohitaji Neno na ubatizo, asiwaache. Mtu aliyesadiki kwamba Mungu peke yake ndiye azaaye, bado hakutaka kundi likose kinywa cha kulihubiria.

Mwaka 430 Wavandali walizingira Hippo. Mji ulijaa waliokimbilia humo, maaskofu pia, Possidius akiwa mmoja wao. Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa, Augustino alishikwa na homa. Aliomba Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma na kulia. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, akikaribia miaka 76. Hakuacha wosia kwa kuwa hakuwa na mali. Baadaye mji ulichomwa, lakini vitabu vyake viliokoka.

Tuone alivyokwenda. Mtu aliyesikia sauti bustanini hakukaa siku za mwisho akisubiri sauti nyingine. Alitaka Neno liwe mbele ya macho yake.

TUNAJIFUNZA NINI

Kwanza, anayezaa ni Mungu. Mhubiri, Biblia, machozi ya mama, vyote ni vyombo. Kwa hiyo mama mwenye mtoto ng'ambo ya mpaka asikate tamaa. Mkono wa Bwana hauzuiwi na kituo cha mpakani. Aombe, na akipata njia ya kumpelekea neno, hata kwa simu, alipeleke.

Pili, njia aliyoichagua Mungu kwa kawaida ni Neno linalosomwa na kuhubiriwa. Aliyekutana na Bwana katika ndoto tusimcheke wala tusimkatalie. Tumfanyie kama Anania alivyomfanyia Paulo: tumwite ndugu, tumfundishe Maandiko, tumpokee kanisani. Ndoto iliyotoka kwa Mungu itampeleka kwenye Neno. Inayompeleka mbali na Neno na mbali na ndugu, tuipime kwa uangalifu.

Tatu, mwinjilisti asichoke. Inawezekana Firmus wake ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, na hamjui.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Soma Matendo 9:1-19. Kwa nini Bwana hakumwambia Paulo yote njiani, bali alimtuma kwa Anania?
2. Ni akina nani waliotumika katika kuzaliwa kwako mara ya pili, wakijua au bila kujua? Wataje na kumshukuru Mungu kwa ajili yao.
3. Katika kijiji chetu, nani hajapata kusikia Neno kwa lugha anayoielewa? Kikundi kitafanya nini mwezi huu?

TUOMBE

Tuwaombee wanetu na ndugu zetu waliobaki mahali pasipo mhubiri, Mungu awafikie kwa njia anayoijua. Tuwaombee wahubiri wetu nguvu za miguu na unyenyekevu wa moyo. Na kila Neno litakalosomwa Jumapili hii chini ya paa letu la turubai, Bwana mwenyewe alifungue ndani ya mioyo. Amina.